Kuhamia LineageOS: hamisha pochi kwanza, simu baadaye

Watu wanaoniuliza namna ya kuweka mfumo mwingine kwenye simu huanza karibu wote na swali moja: niandike amri gani kwenye kompyuta? Amri zenyewe ni chache, na ukizifuata bila papara unamaliza ndani ya saa moja au mbili. Kinachowarudisha watu kwenye mfumo wa zamani baada ya siku tatu si amri. Ni programu ya benki iliyogoma kufunguka, ni WhatsApp iliyofunguka tupu, ni picha za mtoto zilizofutika. Kwetu simu ndiyo pochi na ndiyo daftari la madeni, na wengine ndiyo ofisi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maandalizi. Kuflashi kwenyewe, yaani kuandika mfumo mpya ndani ya simu, kutakuja katikati, na hakutachukua nafasi kubwa.

Nitatumia Google Pixel 4a kama mfano, kwa sababu ndiyo niliyonayo mkononi. Ilitoka mwaka 2020, na Google iliahidi masasisho yake ya usalama hadi Agosti 2023. Baada ya hapo simu ikaachwa, ilhali kioo chake kizima, kamera yake bado inashinda simu mpya nyingi za bei ya chini, na kumbukumbu yake ya GB 128 inatosha. Simu za namna hii zimejaa mitaani. LineageOS ni mfumo wa Android unaotengenezwa na watu wa kujitolea tangu Desemba 2016, kampuni iliyokuwa nyuma ya CyanogenMod, mfumo uliotangulia huu, ilipoufunga mradi huo. Unazipa simu zilizoachwa Android mpya na viraka vya usalama. Sababu hiyo peke yake inatosha kuhama.

Kabla ya yote: mfumo upi?

Kama una Pixel ambayo Google bado inaihudumia, tazama GrapheneOS kwanza. Inakaa kwenye Pixel tu, inasakinishwa kupitia kivinjari, na inakuruhusu kuweka huduma za Google kama programu za kawaida zisizo na mamlaka maalumu juu ya simu. Kwa usalama sijaona inayoifikia. /e/OS, iliyoanzishwa na Mfaransa Gaël Duval, imejengwa juu ya LineageOS na inaweka microG, programu huru inayoiga huduma za Google, mahali pa huduma zenyewe. Inamfaa mtu anayetaka kuachana na Google bila kushughulika sana. LineageOS inabeba simu za kampuni nyingi kuliko hizo mbili, ndiyo maana nimeichagua hapa.

Halafu kuna Ubuntu Touch, ambayo kampuni ya Canonical iliiacha mwaka 2017 na jumuiya ya UBports ikaidaka, na postmarketOS, ambayo ni Linux kamili kwenye simu. Naipenda kazi yao kwa dhati. Lakini hakuna WhatsApp yao, na kuendesha programu za Android humo kunahitaji Waydroid, ambayo ni kama kuwasha simu nyingine ndani ya simu. Ziweke kwenye simu ya pili, ya kujifunzia. Tumeshaona simu za Windows zilivyogeuka mapambo WhatsApp ilipozikatia huduma mwishoni mwa 2019, hata zile ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

Hatua ya 1: ijue simu yako kwa jina lake la ndani

Jina la dukani halitoshi. Nenda Mipangilio, kisha Kuhusu simu, uandike modeli kamili. Kila simu ina jina la ndani ambalo watengenezaji wa mifumo hulitumia. Pixel 4a ni *sunfish*. Pixel 4a 5G, ambayo muuzaji atakuambia ni "ileile tu", ni *bramble*, na faili zake ni nyingine kabisa. Ingia kwenye ukurasa wa vifaa wa LineageOS, tafuta jina la ndani, na usome maelekezo ya simu hiyo mwanzo hadi mwisho kabla ya kugusa chochote. Maelekezo ya simu ya jirani si yako, hata kama zinafanana kama mapacha.

Hapa niseme ukweli ambao wengi hawapendi kuusikia. Simu zinazouzwa zaidi Afrika Mashariki, yaani Tecno, Infinix na itel, karibu zote hazimo kwenye orodha hiyo. Ipo njia ya mifumo ya jumla inayotegemea mpangilio wa Treble ulioletwa na Android 8 mwaka 2017, lakini kamera, bluetooth au hata sauti ya simu inaweza kugoma, na hutapata wa kumuuliza. Kwa mtu wa mara ya kwanza siishauri.

Huawei iliacha mwaka 2018 kutoa namba za kufungulia simu zake ziweze kupokea mfumo mwingine. Xiaomi inakutaka uunganishe simu na akaunti yao na kusubiri, mara nyingi siku 7, kabla ya kukuruhusu. Samsung ina mfumo wa ulinzi unaoitwa Knox, wenye fyuzi ya kielektroniki ndani ya simu. Ukishaweka mfumo usio wao fyuzi inaungua, na hairudi hata ukirejesha mfumo wa kiwandani. Secure Folder, ile folda ya siri ya Samsung, ndiyo kwaheri.

Hatua ya 2: hakikisha lango linafunguka

Simu inapowaka, programu ya kwanza kabisa kuamka ni butiloda. Ndiyo inayoamua mfumo upi uruhusiwe kuingia. Isipofunguka, safari imeishia hapo.

Kama unanunua simu ya mtumba kwa ajili ya kazi hii, fanya ukaguzi huu pale pale dukani, kabla hujatoa hela. Washa simu, iunganishe na intaneti kwa simu yako nyingine (kwenye Pixel kitufe tunachokitafuta hakiamki bila intaneti), kisha fungua Kuhusu simu na uguse nambari ya muundo mara saba. Utaambiwa kwamba sasa wewe ni msanidi programu. Rudi nyuma, ingia kwenye chaguo za wasanidi, na utafute mstari wa kufungua OEM (OEM unlocking), ndio unaoruhusu butiloda ifunguliwe.

Nilipokuwa natafuta 4a yangu Kariakoo, simu ya kwanza niliyopewa ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo. Nikaiunganisha intaneti, nikagusa mara saba, nikafika kwenye ule mstari. Kitufe kilikuwa kimefifia rangi ya majivu, hakishikiki. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hiyo ni kitu kidogo, fundi atakufungulia." Nikamshukuru, nikamwomba nyingine. Ya tatu ndiyo kitufe kikaitika.

Sababu ni hii: Pixel zilizouzwa na baadhi ya mitandao ya simu ya Marekani, Verizon hasa, zimefungwa kiwandani zisifunguke butiloda, na mtumba wetu mwingi unapitia huko. Hata kama simu inapokea laini yoyote, hicho ni kifungo kingine tofauti. Fundi anaweza kuondoa kifungo cha laini. Hiki cha butiloda hakiondoi kwa njia ya kuaminika.

Hatua ya 3: hamisha pochi

Hii ndiyo hatua ninayokusihi usiiruke.

Programu nyingi za benki huiuliza Google, kupitia huduma ya Play Integrity, kama simu ina mfumo uliothibitishwa. Simu yenye butiloda iliyofunguliwa hushindwa mtihani huo. Benki nyingine hazijali, nyingine zinaonya tu, nyingine zinakataa kufunguka. Ya kwangu ilikataa. Ilikuwa asubuhi ya tarehe ya kulipa kodi ya nyumba, na mimi nilikuwa nimehama usiku uliotangulia.

Kilichonisaidia ni kitu ambacho wenzetu wa Ulaya kwa kawaida hawana: huduma za pesa kwa USSD, zile menyu za kupiga nyota na reli. Menyu ya pesa kwa simu na ya benki nyingi za kwetu haimo kwenye programu. Imo kwenye mtandao wa simu na kwenye laini yenyewe. *150*00# ya M-Pesa Tanzania inafanya kazi kwenye kitochi, na kwenye LineageOS inafanya kazi vilevile. Kenya ukipiga *334#, au ukifungua menyu ya M-Pesa iliyo kwenye laini, unaipata kama kawaida. Msomaji aliyeko Ujerumani au Uingereza ana kazi ngumu kuliko sisi, maana huko benki nyingine hazikubali muamala bila programu yao.

Kwa hiyo, wiki moja kabla ya kuhama, fanya hivi. Jisajili na huduma ya USSD ya benki yako kama hukuwa nayo, na uitumie kweli: tuma, lipa umeme, angalia salio. Ishi wiki nzima bila kufungua programu ya benki. Kama kuna jambo umeshindwa kulifanya bila programu, umelijua mapema, na unaweza kuamua kuibakiza programu hiyo kwenye simu nyingine. Namba za siri usiziandike ndani ya simu unayokwenda kuifuta.

Pia piga *#06# uandike IMEI zako, yaani namba za utambulisho wa simu, kwenye karatasi. Kuflashi vibaya, hasa kwenye baadhi ya Samsung na simu za MediaTek, kunaweza kufuta eneo linalohifadhi IMEI. Tangu tarehe 16 Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipozima simu bandia, simu isiyo na IMEI halali haina maisha Tanzania. Na fundi akikuambia atakuandikia IMEI ya simu nyingine, kataa. Ni kosa la jinai, na simu ni yako, si yake.

Hatua ya 4: nakala

Kufungua butiloda kunafuta kila kitu. Hakuna ubaguzi wala njia ya mkato.

Picha na video zinakiliwa kwenye kompyuta, kisha ufungue chache kwa macho yako uone kama kweli zinafunguka. Majina ya simu yatoe kama faili ya .vcf. Kama unatumia programu ya namba za uthibitisho za kuingilia akaunti, zihamishe kwanza kwenda simu nyingine. Ukizipoteza utafungiwa nje ya barua pepe yako mwenyewe.

WhatsApp inataka umakini zaidi. Ingia kwenye mipangilio ya soga ufanye hifadhi mpya, kisha unakili folda nzima ya *com.whatsapp* iliyo ndani ya *Android/media* kwenda kwenye kompyuta. Baada ya kuhama, sakinisha WhatsApp lakini usiifungue. Rudisha folda mahali palepale, ndipo ufungue na kuthibitisha kwa namba ileile. Itaikuta hifadhi na kukuuliza kama uirejeshe. Ukitegemea ile ya Google Drive na ukaamua kuishi bila huduma za Google, hutaipata. Na kama uliweka hifadhi yenye nenosiri, hakikisha unalikumbuka leo.

Mwisho wa hatua hii, ondoa akaunti ya Google kwenye simu, ili ulinzi wa wizi usikudai baada ya kufuta.

Hatua ya 5: vifaa

Faili ya mfumo ina ukubwa wa GB 1 au zaidi kidogo, na huduma za Google (MindTheGapps ndizo LineageOS inazozipendekeza) ni mamia ya MB juu yake. Panga bando. Ukishapakua, linganisha alama ya SHA256, inayoonyesha kama faili imefika nzima, na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa. Kwenye Windows andika `certutil -hashfile jina-la-faili.zip SHA256`. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya.

Waya ndio unaoangusha wengi. Nyaya nyingi za bei nafuu zinachaji tu, hazipitishi data, na kwa macho hazitofautiki. Kama kompyuta haioni simu, badilisha waya kabla hujaanza kuhangaika na kitu kingine. Kisha jaribu tundu jingine la USB, hasa la zamani la USB 2.

Tumia kompyuta mpakato yenye betri nzima, na simu iwe na chaji zaidi ya nusu. Umeme ukikatika katikati ya kazi kwenye kompyuta ya mezani, unaweza kubaki na simu isiyo na mfumo.

Hatua ya 6: kuflashi

Pakua platform-tools za Google, zana zenye amri za adb na fastboot, ufungue dirisha la amri ndani ya folda hiyo. Washa utatuzi wa USB (USB debugging, unaoiruhusu kompyuta kuiamuru simu) na ule mstari wa kufungua OEM kwenye simu. Zinazofuata ni amri za Pixel 4a. Zako zisome kwenye ukurasa wa simu yako. Kumbuka pia kwamba LineageOS inadai simu iwe na toleo fulani la mfumo wa kiwandani kabla ya kuanza. Kwa hiyo sasisha simu kwanza hadi toleo linalotajwa.

`adb reboot bootloader`

Simu inaingia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi. Andika `fastboot devices`. Namba ikitokea, mnaelewana. Kisha:

`fastboot flashing unlock`

Simu itakuuliza. Chagua kwa vitufe vya sauti, thibitisha kwa kitufe cha kuwashia. Hapa ndipo kila kitu kinafutwa. Simu itawaka kama mpya. Washa tena chaguo za wasanidi na utatuzi wa USB, urudi kwenye butiloda. Sasa weka rikavari ya LineageOS, mfumo mdogo wa kusakinishia ule mkubwa, ambayo kwa simu hii imo ndani ya faili ya boot:

`fastboot flash boot boot.img`

Kwa vitufe vya sauti chagua Recovery Mode. Ukiwa ndani, chagua Factory Reset, kisha Format data. Usiiruke, vinginevyo simu itazunguka kwenye nembo bila kuwaka. Rudi, chagua Apply update, kisha Apply from ADB, na kwenye kompyuta:

`adb -d sideload jina-la-faili-la-lineage.zip`

Asilimia zitaanza kupanda. Kisha, mara nyingi, zitasimama kwenye 47% na kompyuta itaandika *failed to read command: Success*. Mara ya kwanza nilipoiona nilihisi mikono imekufa ganzi, nikawa karibu kuchomoa waya. Usichomoe. Hiyo si kasoro, hivyo ndivyo kazi inavyoisha kwenye simu nyingi. Tazama skrini ya simu, si ya kompyuta: ndiyo itakayokuambia kama imefaulu.

Kama unataka huduma za Google, ziwekwe sasa, kabla simu haijawaka kwa mara ya kwanza. Rikavari itakuuliza kama uwashe upya rikavari ili uongeze vifurushi vingine. Kubali, rudia sideload kwa faili ya MindTheGapps, na ikilalamika kwamba saini haijathibitishwa, endelea. Ukizisahau ukawasha simu, kuziongeza baadaye kunamaanisha kufuta na kuanza upya.

Chagua Reboot system now, uiweke simu chini. Kuwaka mara ya kwanza kunaweza kuchukua hadi dakika 15. Onyo kwamba butiloda iko wazi litatokea kila unapowasha simu. Litazoeleka.

Hatua ya 7: wiki ya kwanza

Weka laini. Kabla ya kupamba skrini, jaribu haya kwa mpangilio huu: piga simu na upigiwe, tuma SMS, piga menyu ya pesa utume hata shilingi elfu moja kwa ndugu, washa data, piga picha, tazama kama GPS inakupata. Kasoro ikiwapo, ni bora ionekane leo kuliko Ijumaa usiku barabarani.

Simu za sauti kupitia 4G, yaani VoLTE, ndizo hupotea zaidi, hasa kwenye Samsung, kwa sababu programu inayoziendesha ni mali ya kampuni. Kwetu 2G na 3G bado zipo, kwa hiyo utapiga simu, ila data itashuka wakati unaongea. Kwa aliyeko Marekani ni tofauti kabisa: AT&T ilizima 3G Februari 2022, na bila VoLTE simu haipigi. Akague hilo kabla ya lolote.

Play Store ikikuambia kifaa hakijaidhinishwa, Google ina ukurasa wa kusajili namba ya kifaa chako. Ukisajili itafunguka. Video za Netflix huenda zikashuka ubora. Kamera ya LineageOS ni ya kawaida mno, na Pixel itaonekana imepoteza macho mpaka uweke programu nzuri ya kamera. Kwa programu huru tumia F-Droid, kwa zile za Play Store bila akaunti tumia Aurora Store. Ukiishi na microG au bila Google kabisa, ondoa kizuizi cha betri kwenye WhatsApp, la sivyo ujumbe utakuja kwa mafungu.

Utakutana na watu watakaokushauri uruti simu, yaani ujipe mamlaka yote juu ya mfumo, ili kuidanganya programu ya benki. Siafiki. Leo inadanganyika, kesho Google inabadilisha kipimo, na wewe unalala ukihangaika na simu badala ya kuitumia. Tena simu iliyorutiwa ni mlango wazi, na pochi yako imo ndani.

Usifunge butiloda tena

Kwenye GrapheneOS, kufunga butiloda baada ya kusakinisha ni sehemu ya maelekezo, na ni lazima. Kwenye LineageOS ni kinyume: ukiifunga, simu inaweza kukataa kuwaka kabisa. Najua inavutia kuondoa lile onyo. Liache.

Masasisho yatakuja yenyewe kupitia kisasishaji kilichomo kwenye Mipangilio, na huduma za Google zitabaki mahali pake. Kuhama kutoka toleo moja kubwa kwenda jingine ndiko kunakohitaji kompyuta tena, na maelekezo yake yana ukurasa wake.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Simu ya zamani, au kitochi cha elfu thelathini, ikae na chaji na laini moja kwa mwezi mzima. Mwisho wa mwezi utakuwa umeshalipa kodi, umeshanunua umeme, umeshatuma ada na umeshapokea mshahara kwenye mfumo mpya. Kama yote manne yamepita, toa laini kwenye kitochi uiweke kwenye tundu la pili, kama simu yako inalo.